Samaki Asiye na Macho na Funzo la Maji ya Chini

Mkazi wa Dodoma afunguapo bomba alfajiri, ni nadra kukumbuka kwamba maji yale yametoka gizani. Kwa miaka mingi mji huo umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, ambako maji hukaa katika nyufa za mawe ya graniti. Je, maji ya namna hiyo ni maiti, au yaweza kuwa na uhai ndani yake?

Graniti haiyeyuki upesi. Lakini mawe ya chokaa huliwa na maji hata yakafanya mapango. Katika nchi za mawe hayo Afrika yetu ina ushahidi wa ajabu. Mwaka 1921 mtaalamu Boulenger alieleza habari za samaki wa mapango ya Mbanza-Ngungu, Kongo ya magharibi, aitwaye Caecobarbus geertsii. Mwaka 1924 Vinciguerra, mtaalamu wa Italia, alieleza habari za mwingine wa Somalia, Phreatichthys andruzzii, ambaye watu humwona visimani. Hawa hawana macho, wala ngozi yao haina rangi.

Yafaa ieleweke kwamba samaki huyu wa Somalia hakunyimwa macho tangu mwanzo. Akiwa bado kiinitete, macho huanza kuumbika, kisha hufifia na kutoweka. Kitu kisichotumika kwa vizazi vingi hupotea.

Tena, kila mmoja wetu anayo saa ya mwili inayofuata usiku na mchana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba samaki huyu haufuati mwanga kabisa. Lakini akilishwa saa ile ile kila siku, mwili wake huifuata saa ya chakula. Saa hiyo ikiachwa peke yake, mzunguko wake mmoja huchukua kama saa 47!

Sasa, msomaji, tujiulize: chakula chake hutoka wapi? Gizani mimea haioti. Kwa hiyo viumbe vya mapangoni hutegemea sana kile ambacho maji huteremsha kutoka juu: majani yaliyooza, wadudu na mavi ya popo. Kinacholeta chakula ndicho kinacholeta sumu pia. Mafuta yakimwagwa juu ya ardhi, au choo kikichimbwa karibu na kisima, uchafu huweza kufuata njia ile ile.

Hapa ndipo habari ya samaki inapotugusa sisi. Vipimo vya Makutupora vya zaidi ya miaka 50 vimeonyesha kwamba maji ya chini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Basi anayeyatumia ovyo anatumia akiba ya mvua zilizopita, wala hajui mvua kubwa nyingine itakuja lini.

Samaki yule ameishi bila macho kwa kuwa giza ndilo makao yake. Lakini sisi tumepewa macho. Je, tutakuwa na udhuru gani tukiyachafua maji yetu kwa sababu tu hatuyaoni? Mwenye kisima na akitunze kabla hakijakauka.