Walipotea Ndani ya Nyumba

SOMO LA WIKI
Kusoma: Luka 15:8–10, Yoshua 7



Mliowahi kufika kwangu mmeliona lile tanki la samaki sebuleni. Wengine mmenicheka, mkisema mtu wa Kisumu anayefuga samaki wa kuangalia tu ni mtu aliyeshiba. Sawa, nakubali. Lakini wiki hii Mungu amenigusa nitumie tanki hilo hilo kufundisha, ingawa somo lenyewe linaniaibisha.

Rafiki yangu mvuvi aliniletea fulu 14 kutoka Ziwa Kanyaboli, kule Siaya. Walikuwa wadogo, hakuna aliyezidi urefu wa kidole. Walipoanza kukua, wale wa kiume wakatoa rangi: nyekundu, manjano, kijani, kama nguo za sherehe. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nawahesabu. Siku moja nikapata 13. Nikahesabu tena, 13. Baada ya siku tatu, 12. Wiki ya tatu walikuwa 9. Hakuna maiti juu ya maji, hakuna mfupa, hakuna kitu.

Wakati huo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anakaa kwetu akisomea ufundi wa umeme. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hivyo alikuwa analala pale pale sebuleni kwenye kochi. Mnaona mahali akili yangu ilienda. Jioni moja nikamuita mbele ya watoto wangu. Nikamwambia, "Samaki hawana miguu. Anayelala hapa ni wewe. Wanaenda wapi?"

Akaniambia, "Mjomba, haki sijawagusa."

Nikamwambia asiape ndani ya nyumba yangu. Hakujibu tena. Wiki hiyo alikula chakula chake jikoni. Jumamosi akafunga begi, akasema anaenda Yala kumsalimia mama yake. Hakurudi.

Sasa sikilizeni. Kijana ameondoka, na samaki wakaendelea kupotea! Wakafika 7. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza na kufikiri. Badala yake nikasema, basi ni paka wa jirani.

Sababu nne

Kuna ndugu mmoja hapa kanisani anayefuga samaki kwenye vidimbwi. Nilipomweleza, hakucheka. Akaniambia samaki akipotea ndani ya nyumba kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, ameruka. Tanki likiwa wazi samaki huruka usiku, na utampata amekauka nyuma ya kabati. Nikavuta kabati. Hakuna kitu.

Pili, amekufa na wenzake wamemla. Maji yakichafuka, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula huua polepole. Samaki mdogo akifa saa tatu usiku, asubuhi hayupo. Lakini maji yangu nilikuwa nabadilisha kila wiki, na waliobaki walikuwa na nguvu.

Tatu, amejificha. Fulu wa kike hubeba mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Siku hizo zote hali chakula, anakaa pembeni mbali na wenzake.

Nne, ameliwa akiwa hai. Akasema sheria ni moja tu: samaki yeyote anayetosha kwenye mdomo wa mwingine, siku moja ataingia.

Kisha akaniuliza, "Umeweka nani mwingine mle ndani?" Nikamjibu, "Hakuna." Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Siku stima ilipotea

Usiku wa Jumatano stima ikapotea mtaa mzima. Ile pampu ya kupuliza hewa ikanyamaza. Nikaamka na tochi ya simu kuangalia fulu wangu wasife. Nikamulika. Kutoka chini ya kigae cha chungu, mahali ambapo nilikuwa nimepanga mawe vizuri ili papendeze, akatoka mumi. Mweusi, ndevu zake zinacheza, urefu wa shibiri na zaidi. Akapanda juu taratibu, akavuta hewa, kwa maana mumi anaweza kupumua hewa kama mimi na wewe, akarudi chini kama mwenye nyumba.

Nikaketi kwenye lile kochi. Nikakumbuka.

Miezi mingi nyuma nilikuwa Dunga. Si mnajua wavuvi wa pale hununua mumi wadogo wawe chambo cha mbuta. Nilimuona mmoja kwenye beseni, mdogo kama kidole, nikamhurumia, nikamnunua asitundikwe kwenye ndoano. Nikamtia tankini. Siku mbili baadaye sikumuona, nikadhani amekufa, nikamsahau. Kumbe mchana alikuwa analala, na usiku, sisi tukiwa kitandani, alikuwa anakula. Kila alipokula alikua, na kila alipokua mdomo ulitosha mkubwa zaidi.

Mwizi nilikuwa nimemleta mwenyewe, tena kwa pesa yangu. Na aliyelipa gharama alikuwa mtoto wa dada yangu.

Ziwa letu nalo

Wapendwa, jambo hili si la tanki peke yake. Wazee wetu wanakumbuka fulu walivyokuwa wengi ziwani. Wataalamu wanakadiria kulikuwa na aina zaidi ya 500, na sehemu kubwa yao haipatikani mahali pengine popote duniani. Mbuta hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kwa nia nzuri ya kupata samaki mkubwa wa biashara. Kwa muda mrefu watu hawakuona shida. Halafu miaka ya 1980 mbuta akajaa ziwa lote, na fulu wakaisha kimya kimya. Inakadiriwa aina karibu 200 zilipotea. Chakula kilipopungua, mbuta wakageukia dagaa wetu omena, kamba wadogo, na hata watoto wao wenyewe.

Simlaumu mbuta. Amelipa karo za wengi tunaoketi katika viti hivi, na viwanda vya hapa Kisumu viliajiri watu kwa sababu yake. Wala si yeye peke yake. Maji taka na mbolea za mashamba zimechafua maji, na maji yakiwa na giza fulu wa kike hawezi kutambua rangi za dume wa aina yake, basi aina zinachanganyika na kupotea hata bila kuliwa. Lakini funzo ni lile lile: kilichoingizwa kikiwa kidogo, kikasahaulika, ndicho kilichokuja kumeza.

Na kwa nini fulu wangu walitoka Kanyaboli? Kwa sababu mafunjo ya Yala Swamp yaliwakinga. Mbuta hakufika huko. Ngege wa asili, ambaye karibu atoweke katika ziwa kubwa, naye yuko huko mpaka leo. Mungu huweka akiba.

Tunajifunza nini?

1. Kilichopotea ndani kitafutwe ndani. Yule mwanamke wa Luka 15 hakwenda kwa jirani kuuliza nani amechukua shilingi yake. Aliwasha taa na kufagia nyumba yake mwenyewe. Mimi nilianza kwa kushtaki, taa niliwasha mwisho, tena kwa sababu stima ilikatika.

2. Uliza ni nini nimeingiza mwenyewe. Israeli walishindwa vitani pale Ai, na sababu ilikuwa imezikwa chini ya hema la mmoja wao. Nyumbani kwako amani ikipungua, pesa ikipungua, maombi yakipungua, usikimbilie kumtaja mchawi au mgeni. Inawezekana ni ile mikopo ya simu uliyoanza na mia mbili. Inawezekana ni ule mzaha na mtu asiye mume wako. Kilikuwa kidogo, ukakihurumia. Sasa kina shibiri.

3. Si kila asiyeonekana amepotea. Mumi nilimtoa (Jumamosi alikuwa na ugali, sitadanganya). Fulu niliowaona walibaki 5. Baada ya wiki moja hivi, nyuma ya jiwe akatoka wa sita, wa kike, amekonda, na mbele yake wingu la watoto wadogo kama punje za wimbi. Nilikuwa nimemhesabu na waliokufa, kumbe alikuwa amebeba. Yule dada ambaye hujamuona kwenye ushirika miezi miwili, kabla hujasema amerudi nyuma, nenda ukabishe hodi.

4. Angalia unahesabu nini. Nilipanda matatu mpaka Yala. Dada yangu alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia, "Samaki uliwahesabu kila asubuhi. Huyu alipopungua mezani kwako, ulihesabu?" Sikuwa na jibu. Nilimuomba kijana msamaha mbele ya mama yake, na Jumapili iliyofuata nikarudia mbele ya watoto wangu, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomwaibisha.

Alinisamehe. Lakini sitawaambia kwamba mambo yalirudi kama zamani. Amerudi chuoni, anakaa na wenzake Kondele. Siku nyingine huja kwetu kula, na kila akija hupita karibu na tanki bila kuliangalia. Msamaha ni wa siku moja, kuaminiwa tena kunachukua muda. Ninangoja, na ni haki ningoje.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni nani uliyewahi kumshuku bila kuwasha taa kwanza? Amejua kwamba ulikosea?
2. Ni kitu gani kidogo umekiacha chini ya kigae kwa sababu hakionekani mchana?
3. Katika kikundi chenu ni nani hajaonekana mwezi huu? Andikeni majina yao leo, mgawane nani atamtembelea nani kabla ya Jumapili.

Tuombe

Baba, tupe ujasiri wa kumulika nyumba zetu wenyewe kabla ya kumulika za wengine. Tuliowaumiza, tupe miguu ya kuwafuata. Waliojificha kwa sababu wamebeba mzigo, walinde mpaka siku yao ya kutoka. Katika jina la Yesu, amina.