Doa jeupe kwenye jino la mtoto: floraidi, leza na mambo ya kufanya nyumbani

Majuzi nikivuka kwa feri kutoka Likoni nilisimama karibu na mama aliyemshika mkono mvulana wa Gredi ya 2. Shavu la mtoto lilikuwa limefura na leso imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Walikuwa wanakwenda kung'oa jino. "Nilidhani ni jino la utoto, ndugu yangu," aliniambia. "Nikasema litang'oka lenyewe, lije jingine."

Jino lenyewe lilikuwa gego la nyuma, na hilo halikuwa la utoto. Mtoto anapofika takriban miaka 6, magego manne huota nyuma ya meno ya utoto, mawili juu na mawili chini. Hayasukumi jino lolote wala hayatanguliwi na pengo, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kwamba yameota. Gego hilo likioza hakuna jingine chini yake linalosubiri. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo amfungue kinywa leo jioni kwenye mwanga mzuri, ahesabu kutoka mbele. La sita ndilo hilo.

Makala haya ni juu ya kulilinda jino hilo na mengine kabla ya kufikia leso na feri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto waliopimwa nchini walikuwa na meno yaliyooza, na kwa watu wazima ilikuwa takriban thuluthi moja.

Wazee wetu husema jino limeingia mdudu. Hawakukosea sana, ila wadudu hao hawaonekani kwa macho. Ni bakteria wanaoishi ndani ya ukoga, ule utandu laini unaousikia kwa ulimi asubuhi. Wakipata sukari huigeuza kuwa tindikali, na tindikali hiyo hunyonya madini kutoka ganda gumu la nje ya jino. Mate hufanya kazi ya kuyarudisha, lakini huhitaji nusu saa au zaidi bila kusumbuliwa. Kwa hiyo anayekunywa soda mara moja na chakula cha mchana si sawa na anayeinywa fundo moja moja hadi jioni. Mtoto anayemumunya ubuyu wa rangi punje baada ya punje kutoka asubuhi hadi saa kumi hayapi mate yake nafasi. Kashata, achari yenye sukari, juisi ya miwa na chupa ya maziwa matamu anayolala nayo mtoto mchanga ni hesabu ile ile. Wanaotafuna muguka kwa saa nyingi wakiusindikiza na bablishi na soda wamo pia, na mdomo wao huwa umekauka mate.

Dalili ya kwanza ya jino kuoza ni doa jeupe kama chokaa, mara nyingi karibu na ufizi, na halina maumivu. Tundu na weusi huja baadaye. Doa hilo maana yake madini yameanza kutoka lakini ganda bado ni zima. Hapo ndipo floraidi hufanya kazi yake kubwa. Floraidi ni madini ya asili yanayopatikana katika miamba, maji na hata majani ya chai. Ikikaa juu ya jino huyasaidia mate kurudisha madini yaliyopotea, na ganda linalojengeka upya huwa gumu zaidi kuyeyushwa na tindikali kuliko la mwanzo. Doa linaweza kukoma lisiwe tundu. Tundu likishatokea, hakuna dawa ya mswaki itakayolijaza, ni kazi ya daktari.

Njia rahisi kabisa ya kuipata ni dawa ya meno ya kawaida. Geuza boksi au tyubu usome: panapotajwa floraidi pawe na nambari kati ya 1,000 na 1,500, ikifuatwa na herufi ppm. Zipo zinazouzwa kwa jina la mitishamba ambazo hazina floraidi kabisa, kwa hiyo rangi ya boksi isikuridhishe. Mtoto chini ya miaka 3 apakwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya mbaazi. Yale matangazo ya televisheni yanayojaza mswaki kutoka ncha hadi ncha yanauza dawa tu. Mzazi mwenyewe ndiye apige mswaki, au asimamie, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8, kwa sababu mkono wa mtoto haufiki kule nyuma kwenye gego la sita.

Na hapa tunakosea wengi, mimi nikiwemo hadi nilipoelezwa: ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Ukisukutua unaimwaga floraidi uliyoinunua. Mara mbili kwa siku yatosha, na ya usiku ndiyo muhimu zaidi kwa kuwa mate hupungua tukilala. Mwezi wa Ramadhani anayefunga anaweza kupiga mswaki baada ya futari kabla ya kulala, kisha baada ya daku kabla ya alfajiri. Mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, huondoa ukoga vizuri mikononi mwa anayejua kuutumia. Lakini usiuchukue kuwa badala ya dawa yenye floraidi.

Wapo watakaouliza: si floraidi hiyo hiyo iliyoharibu meno ya watu wa Nakuru na Naivasha? Ni kweli. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia floraidi nyingi katika maji ya visima, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiwango hicho kwa miaka mingi, wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia. Madhara hayo hutokana na kumeza. Kiasi cha punje kinachopakwa juu ya jino na kutemwa ni jambo jingine. Kenya haiongezi floraidi katika maji ya mfereji, na maji ya visima hutofautiana kisima hadi kisima, hivyo mwenye kisima anayewauzia majirani maji ya kunywa afanye vyema kuyapima. Magadi ya kulainishia maharagwe pia yanaweza kuwa na floraidi nyingi, yatumike kidogo.

Daktari wa meno ana floraidi kali zaidi, inayopakwa kwa brashi kama rangi ya kucha na kukauka kwa dakika chache. Hupakwa mara mbili kwa mwaka au zaidi kwa mtoto ambaye meno yake yameanza kuharibika. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi inayosimamisha uozo bila kuchimba jino. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi, na mzazi aelezwe hilo mapema, lakini kwa mtoto anayeogopa mashine ni nafuu kubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hiyo na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kuhusu leza, ambayo siku hizi hutajwa sana katika matangazo: ni mwali wa mwanga uliokusanywa, na watafiti walianza kuujaribu kwenye meno miaka ya 1960. Katika maabara, leza za aina fulani huifanya sehemu ya juu ya jino istahimili tindikali zaidi, hasa zikitumiwa pamoja na floraidi. Baadhi ya madaktari huitumia kugundua uozo uliojificha au kuchimba jino. Lakini kwa kinga, ushahidi kutoka vinywani mwa watu bado ni mdogo kuliko ule wa floraidi, na mashine ni ghali. Leza ya kung'arisha meno hubadilisha rangi tu, haizuii kuoza. Ukiambiwa ulipie leza ya kinga, uliza kwanza bei ya kupakwa floraidi.

Mwenye mtoto mwenye doa jeupe au tundu lisilouma aanzie zahanati iliyo karibu naye, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, aulize ni kituo gani kina daktari wa meno na siku zake. Kwa uvimbe wa shavu au shingo ulioandamana na homa, au mtoto anaposhindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje siku ya kliniki wala usimpe dawa zilizobaki nyumbani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.