KUZAA NAKO NI KAZI

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Leo tuchungulie ndani ya mwili wa mama mja mzito, kisha tuamue wenyewe.

Katika Bayolojia tumesoma kwamba damu ina chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Chembe sahani ni ndogo mno na huishi siku 8 hadi 10 tu. Ukijikata na jembe, ndizo hukimbilia kidonda na kushikana ili damu igande.

Kondo la nyuma nalo humpa mtoto chakula na hewa. Mimba ikiwa changa, seli za kondo hupenya ukuta wa tumbo la uzazi na kuipanua mishipa ya damu ya mama. Hapo hukutana na chembe sahani za mama, ambazo hutoa kemikali zinazobadilisha mwenendo wa seli hizo. Chembe sahani zikiamka kupita kiasi, damu huweza kuganda pasipotakiwa na kondo likanyimwa damu. Mama huenda akapata presha ya mimba, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake.

Je, kuna dawa? Aspirini kidogo huzituliza chembe sahani. Kuanzia 2016, wanawake karibu 12,000 ambao hawakuwa wamezaa walichunguzwa katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Kabla ya wiki 14 za mimba, nusu yao walianza kumeza miligramu 81 za aspirini kila siku. Wengine walipewa tembe zisizo na dawa. Matokeo yalitolewa 2020. Kwa kila wanawake 1,000, waliozaa kabla ya wiki 37 walikuwa 116 upande wa aspirini na 131 upande wa pili. Utasema tofauti ya 15 ni kidogo? Hiyo ni timu nzima ya kandanda na wachezaji 4 wa akiba!

Lakini jamani, msikimbie dukani kununua aspirini. Daktari ndiye hujua nani anaifaa na kwa kipimo gani. Tuwaambie dada na mama zetu hapa Olenguruone wasingoje tumbo lionekane ndipo waende kliniki, kwa maana kazi ya kondo huanza mapema. Na mama akiumwa na kichwa sana, akivimba uso au macho yakiona giza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha na njia ni tope.

Sasa niambieni, kuzaa si kazi?