Ngoja Kwanza Nijipange



Wamarekani wana msemo wa mtaani, "hot mess". Ni chumba kilicho shaghalabaghala, au mtu ambaye maisha yamemvurugikia. Ila zamani "mess" ilikuwa chakula kilichopakuliwa mezani. Ndiyo maana hadi leo askari wanakula mesi.

Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa nilikaa miezi mitatu bila kuungama. Kila Jumamosi nilijiambia, "Ngoja kwanza nijipange." Sikujipanga. Nilizidi kuvurugika tu.

Kisha nikasoma tena Lk 15:20-24. Yule mwana anatoka kuchunga nguruwe, na hatusomi popote kwamba alioga kwanza. Baba anamkimbilia, anamkumbatia na kumbusu vilevile alivyo. Vazi jipya linakuja baadaye, halafu karamu. Vurugu yake yote inaishia mezani.

Basi, rafiki, usisubiri ukae sawa ndipo uende. Kwenye Kitubio ndiko tunakopangwa, na Ekaristi ndiyo meza tuliyoandaliwa.

Swali la wiki: Ni kitu gani unachosubiri kitengemae ndipo umrudie Baba?

Tusali: Ee Baba, nipokee nilivyo, unipange wewe. Amina.