Falsafa Chini ya Uluguru: Mafunzo Niliyopata

Wewe unayeanza kufundisha General Studies (GS) kidato cha tano hapa Morogoro, na hutaki wanafunzi wa kukariri tu, haya ni yangu. Chukua yanayokufaa.

1. Plato anaweza kusubiri

Miaka ya mwanzo nilijaza ubao majina ya Wagiriki. Darasa lilitulia, nami nikajisifu kwamba vijana wanatafakari. Kumbe walikuwa wanasubiri kengele ya chai!

Siku moja nikauliza: mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu inanywesha Dar es Salaam. Mkulima wa Mgeta akizuiwa kulima kando ya chanzo cha maji, nani amfidie? Binti wa Kinole akasema mababu zake walikuwepo kabla msitu wa Uluguru haujatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Mwenzake kutoka Dar akauliza kama kuwahi kufika kunampa mtu haki ya kumnyima mwingine maji. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka. Kipindi kilichofuata Plato alipoleta hoja zake za haki, alikuta wenyeji wana za kwao. Tangulia na swali; jina la mwanafalsafa lifuate.

2. Wabishane Kiswahili, waandike Kiingereza

Mtihani wa kidato cha sita ni wa Kiingereza, hilo halikwepeki. Lakini kijana anayehangaika na sarufi hana nafasi ya kuhangaika na hoja. Dakika 30 za mjadala, 10 za kuandika. Inatosha.

3. Kupingwa si kudharauliwa

Hili lilinichukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nikieleza kwamba matuta ya ngazi ambayo wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuyachimba miaka ya 1950 yalikuwa elimu njema iliyokataliwa kwa ukaidi, hadi ghasia za Matombo za 1955. Kijana mmoja akasimama: “Samahani mwalimu, bibi anasema yale matuta yalifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule mbovu.” Nikakohoa kidogo, nikatafuta chaki niliyokuwa nimeishika.

Bibi alikuwa sahihi. Watafiti wa udongo wameandika hayo hayo. Tukatumia wiki nzima kujadili nani anastahili kuitwa mjuzi. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi. Akili hiyo ikiamka, wa kwanza kudadisiwa ni wewe.

Kwa hiyo kabla ya kipindi cha kesho, andaa swali moja ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake.