KWA MIA YA NINI?
Somo la hesabu za kila siku kwa wote wanaojitayarisha kwa Exetat



Safari hii ukurasa wa masomo umepewa kalasi ya mwisho, na sisi tumechagua hesabu. Musikunje uso! Hatutasema juu ya integrali wala trigonometria. Kwa zile kuko walimu na vitabu. Tutasema juu ya hesabu ndogo: kwa mia, kanuni ya tatu, vipimo na zero. Hesabu hizi ndogo zinajificha ndani ya maswali makubwa ya Exetat. Mwanafunzi anajua kanuni ya fizikia ao ya kemia, anafika hatua ya mwisho, pale anaanguka kwenye kwa mia. Na kwa kuwa mtihani unatoa majibu mengi ya kuchagua, jibu lake la uongo mara nyingi liko palepale kwenye karatasi, linamungojea. Analiona, anafurahi, analichagua.

Dawa ni swali moja. Mbele ya kuhesabu, uliza: YA NINI? Kumi kwa mia, ya nini? Mwendo wa wastani, wa nini? Namba peke yake ni sawa na mtu anayegonga mlango usiku bila kusema jina. Usifungue kwanza, uliza.

Tutazame mifano. Bei zote hapa ni za mfano tu, musiende kugombana na mama sokoni juu yake.

1. MEKA ILIYOGONGWA

Wote tunajua meka, kile kipimo cha bati cha kupimia unga wa bukari. Na wote tumekwisha kuona meka iliyogongwa chini mpaka bati likapanda ndani. Kwa nje ni ileile, kwa ndani unga umepunguka.

Tuseme meka nzima iko na urefu wa santimetri 18 ndani na inachukua kilo 2,7. Muuzaji amegonga chini yote, ikapanda santimetri 2. Unga gani unabaki? Wengi watakimbilia kanuni ya ujazo na kutafuta upana wa meka. Hakuna haja. Upana haukubadilika, urefu tu umebadilika: kutoka 18 mpaka 16. Basi unga unaobaki ni 16/18, ni kusema 8/9. Kilo 2,7 mara 8/9 ni kilo 2,4.

Sasa meka nzima inauzwa 4 500 FC. Iliyogongwa inauzwa 4 200 FC, na mama anakuita: "Mutoto wangu, kuya huku, huku ni bei ya chini!" Ni kweli? Bei ya haki ya meka iliyogongwa ni 4 500 mara 8/9, ni kusema 4 000 FC. Basi "bei ya chini" imekula 200 zaidi.

Tuendelee. Kama angeiuza 4 500 palepale, mizani ingesema namna gani? Unga umepunguka 1/9, ni kusema 11,1 kwa mia. Lakini bei ya kilo imepanda kutoka 1 667 mpaka 1 875, ni kusema 12,5 kwa mia. Udanganyifu ni mmoja, namba ni mbili. Juu ya nini? Kwa sababu ya kwanza ni kwa mia ya unga, ya pili ni kwa mia ya bei. Kwenye Exetat majibu yote mawili yanaweza kuandikwa. Aliyeuliza "ya nini?" ndiye anayechagua sawasawa.

2. "NI MOYA TU INAPUNGUKA"

Hapa kwetu, kuanzia Shituru mpaka Panda, na kule Kambove, shaba ni mkate wa watu wengi. Wengine kati yetu wana baba ao yaya anayechimba kwa mkono. Mchimbaji halipwi kwa uzito wa mawe peke yake. Analipwa pia kwa tenere, ni kusema shaba ngapi iko ndani ya mawe.

Tuseme mtu analeta mifuko 20 ya kilo 50. Hiyo ni kilo 1 000. Tenere ya kweli ni 3 kwa mia. Mnunuzi anapima na mashini yake, anaandika 2 kwa mia. Mchimbaji akilalamika, anajibiwa: "Ni moya tu inapunguka, haina mambo."

Haina mambo? Tuhesabu. Tatu kwa mia ya kilo 1 000 ni kilo 30 za shaba. Mbili kwa mia ni kilo 20. Kilo 10 zimepotea kati ya 30. Hiyo ni 33,3 kwa mia ya shaba yake, theluthi nzima ya kazi ya shimoni! Neno "moya tu" ni kweli kama unalinganisha na mawe yote. Lakini yeye hauzi mawe, anauza shaba. Mtu ameshuka chini ya udongo siku tatu, na siku moja imekwenda kwa sababu hakuna aliyeuliza "ya nini?"

Wenzetu wa kemia wataongeza hili. Malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua, ni Cu2CO3(OH)2. Hesabu uzito: shaba 2 mara 63,5 ni 127, kaboni 12, oksijeni 5 mara 16 ni 80, hidrojeni 2. Jumla 221. Gawanya 127 kwa 221: ni karibu 57,5 kwa mia. Basi hata malakiti safi kabisa haiwezi kupita pale. Mtu akikuambia jiwe lake la malakiti lina shaba 70 kwa mia, usibishane naye. Mwonyeshe kalamu.

3. KUPANDA NA KUSHUKA

Bei ya safari ni 1 000 FC. Mafuta yanakosekana, bei inapanda 20 kwa mia: 1 200. Mafuta yanarudi, bei inashuka 20 kwa mia. Tumerudi 1 000? Hapana! Ishirini ya kwanza ilikuwa ya 1 000. Ishirini ya pili ni ya 1 200, ni kusema 240. Bei sasa ni 960.

Njia ya haraka: kupanda 20 kwa mia ni kuzidisha na 1,2, kushuka 20 kwa mia ni kuzidisha na 0,8. Na 1,2 mara 0,8 ni 0,96. Usijumlishe wala kutoa kwa mia zinazofuatana, zizidishe.

4. DENI LINALOZAA

Jambo hili linagusa nyumba nyingi katika miezi hii. Mzazi anatafuta feza za kushiriki Exetat, hazipati, anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Anakopa 100 000 FC kwa faida ya 50 kwa mia kila mwezi. Anawaza: "Miezi mitatu, nitalipa faida 150 000, jumla 250 000." Na hiyo tayari ni mingi.

Lakini uliza: 50 kwa mia ya nini? Kama ni ya deni la kwanza tu, baba ana haki. Kama ni ya deni lote linalobaki, faida nayo inazaa faida:

Mwezi wa kwanza: 150 000
Mwezi wa pili: 225 000
Mwezi wa tatu: 337 500

Hii ndiyo ile tunayofundishwa kwa jina la mfululizo wa kijiometri: 100 000 mara 1,5 mara 1,5 mara 1,5. Tofauti na hesabu ya baba ni 87 500 FC. Kanuni tunayoiandika ubaoni na kuifuta inaweza kuuzisha redio ya nyumba, ao baiskeli.

Angalieni sasa likelemba ya mama zetu. Mama kumi, kila mmoja anatoa 10 000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 100 000. Hakuna faida, hakuna deni linalozaa. Mwenye mtoto wa kalasi ya mwisho anaweza kuomba zamu yake ifike mbele ya mtihani. Hesabu nzuri inaanza mapema.

5. ZERO ZA FEZA YETU

Wengi wanaogopa namba kama 10 yenye kipeo. Lakini nchi yetu imetupa zoezi ambalo nchi chache ziko nalo.

Mwaka 1967 zaïre ilichukua nafasi ya franka ya zamani: zaïre 1 ilikuwa franka 1 000. Mwaka 1993 ilikuja zaïre mpya: 1 ilikuwa zaïre za zamani 3 000 000. Kule Kasaï watu waliikataa, wakaendelea na noti za zamani. Mwaka 1998 ilikuja franka ya Kongo tunayoitumia: 1 ilikuwa zaïre mpya 100 000.

Swali: FC 1 ni franka ngapi za mbele ya 1967? Usiandike zero zote, utapotea njiani. Andika vipeo: 10³ mara 3 × 10⁶ mara 10⁵. Vipeo vinajumlishwa: 3 + 6 + 5 ni 14. Jibu ni 3 × 10¹⁴, ni kusema tatu na zero 14 nyuma yake.

Sasa waza babu mmoja aliyeficha zaïre 1 000 ndani ya sanduku mwaka 1975. Leo zingekuwa sehemu ya FC isiyoweza kununua hata chembe ya chumvi. Sanduku halikuibwa, lakini feza haimo tena. Kwa hiyo, hata "elfu moja" tunauliza: elfu ya nini, ya mwaka gani?

6. NAMNA YA KUJIZOEZA

a) Kadiria mbele ya kuhesabu. Kama swali linataka 19 kwa mia ya 5 200, sema kwanza: karibu 20 kwa mia ya 5 000, ni karibu 1 000. Jibu la 98,8 na jibu la 9 880 yanaanguka palepale. Lenye kubaki ni 988.

b) Zunguka sokoni bila simu. Mashini ya simu ni nzuri kwa kuhakikisha nyuma, si kwa kuwaza pahali pako. Ukitumwa chumvi, rudi na feza zilizobaki ukiwa umekwisha kuzihesabu kichwani.

c) Kila jioni fanya hesabu tano tu. Tano kwa siku 60 ni 300. Mwenye kungojea juma la mwisho hawezi kufanya 300 usiku mmoja, zaidi sana umeme ukikatika.

d) Andika kipimo pembeni ya kila namba: kg, FC, km, saa. Namba isiyo na kipimo haijamalizika.

e) Usinunue majibu kwa watu wanaozunguka siku za mtihani. Karatasi ziko za mfululizo mbalimbali. Jibu la jirani linaweza kuwa la swali ambalo wewe hukuulizwa. Na hata kama lingekuwa la kweli, lingekupatia diploma bila kukupatia kichwa. Siku ya mizani utasimama bila msaada.

MAZOEZI

1. Mfuko wa makala ulikuwa 20 000 FC, ukapanda 25 kwa mia. Ushuke ngapi kwa mia ili urudi 20 000?
2. Mawe ya kilo 1 000 yana maji 8 kwa mia. Tenere ya mawe makavu ni 3 kwa mia. Shaba ni kilo ngapi?
3. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu km 120. Basi linakwenda na mwendo wa km 40 kwa saa, linarudi na km 60 kwa saa. Mwendo wa wastani ni ngapi?
4. Kalasi ya wanafunzi 40: wasichana ni 60 kwa mia. Kati ya wasichana, 75 kwa mia wamepita. Wasichana waliopita ni ngapi kwa mia ya kalasi nzima?
5. Noti ya dola 20 imepasuka kidogo. Mwenye kubadili feza anakata 10 kwa mia. Dola 1 tuseme ni 2 800 FC. Utapokea ngapi?

Majibu: 1) 20 kwa mia, kwa maana 5 000 ni ya 25 000. 2) Kilo 27,6. 3) Km 48 kwa saa, si 50: saa 3 kwenda, saa 2 kurudi, km 240 kwa saa 5. 4) 45 kwa mia. 5) 50 400 FC.

NENO LA MWISHO

Wengi wenu muko nyumbani na mtu aliyeacha masomo: yaya aliyekwenda kuchimba, dada aliyepata mtoto. Mlango haujafungwa kwao. Wanaweza kujiandikisha kama otodidakti, wapite mtihani wa utangulizi, halafu waketi kwa Exetat pamoja na sisi, kwa maswali yaleyale na alama zilezile: 50 kwa mia ili kupita. Watu hawa wamekwisha kufanya hesabu maisha yao yote, kwenye mizani na kwenye meza ya soko. Wanachokosa ni namna ya kuziandika tu.

Basi usitupe karatasi hii. Ipeleke nyumbani, mukae pamoja naye, mufanye mazoezi matano. Wewe utamwonyesha kanuni, yeye atakuonyesha soko. Na siku matokeo yatakapotoka, mukisikia "60 kwa mia", mutajua ni 60 ya nini: ni ya jioni zile zote.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho
Likasi