Dondoo muhimu: Kabla hujasema "kitabu kitamu zaidi"

Umetoka kutazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021? Anza mazungumzo na kitu ulichokiona kwa macho yako: uso wa Yasmin, au mwanga wa vichochoro vya Unguja. "Nzuri" na "mbaya" peke yake hazizungumzishi mtu.

Riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyozaa filamu hii, iliyotoka 1999, ina nafasi ya kutuingiza moyoni mwa Yasmin, binti aliyeozwa mzee Raza. Filamu ina muda mfupi tu, lazima ikate. Basi jadili pengo lililobaki: linauma wapi?

Asiyesoma kitabu msikilize kwanza. Yeye ameiona filamu yenyewe. Mwisho wa kitabu usimfichulie.